Moshi wa Mke Mwema

Siku ya kuniaga ofisini walinipa seti ya sufuria. Ni sufuria nzuri, zinaingiana, na kila moja ina mfuniko wake. Mwaka uliotangulia, afisa mifugo alipostaafu, alipewa kiti cha kuegemea, kile cha kulala chali miguu ikiwa juu, apumzike baada ya kazi ndefu. Nilipofungua boksi langu nikaelewa kwamba kwa maoni ya halmashauri yetu mwanaume akistaafu anapumzika, na mwanamke akistaafu anarudi jikoni, kumbe miaka yote ile alikuwa ametoka kidogo tu. Nikashukuru, maana nimefundishwa adabu.

Kisha Deus akasimama. Deus ndiye kijana aliyerithi kiti changu cha afisa utamaduni, kijana mzuri, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Akakohoa, akaghani:

Mama wewe ndiwe nguzo, nyumba umeshikilia,
Jua kali kwako tunzo, mvua wavumilia,
Hujui neno katazo, kila jambo waridhia,
Hongera mama hongera, nguzo haijalegea.

Ukumbi ulipiga makofi. Mimi machozi yalinitoka, na Deus akadhani nimeguswa moyo. Mwanangu, nilikuwa nacheka. Ubeti ule nilikabidhiwa siku yangu ya kwanza kazini pamoja na ufunguo wa kabati, na aliyenikabidhi naye alikabidhiwa na aliyemtangulia. Wewe umeutoa kwenye faili la sherehe ukadhani umevumbua. Baadaye ulinijia na soda mkononi ukaniomba niandike kidogo kuhusu kazi hii, kwa ajili yako na wenzako wapya. Basi kaeni. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu havikuwa vingi kiasi cha kushikika.

Nilianza kazi upande wa Maganzo, barabarani, ambako kila mtu wa pili ana almasi mfukoni ya kukuonyesha kwa siri mbele ya watu wote. Mimi ni mtoto wa Kolandoto. Mama alikuwa mfuaji shuka hospitalini na alitaka niwe nesi. Nikawa msaidizi wa afisa utamaduni. Mama alipouliza utamaduni unaumwa nini hata uhitaji afisa, sikuwa na jibu, na hadi leo nalitafuta. Ofisi tuligawana na watu wa chanjo za mifugo, kwa hiyo vazi la ngoma lilinuka dawa ya kupe na ng'ombe wa jirani wakawa hawatishiki na ngoma.

Bosi wangu aliitwa Mzee Makoye. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Afadhali. Tulikuwa hatuna mtu wa chai." Chai nikapika. Lakini nisimseme vibaya marehemu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua, na chai yenyewe aliacha kuniomba baada ya kuionja.

Alinifundisha kwanza shairi la sherehe. Ubeti wa kwanza ni wa kumpokea mgeni rasmi. Wa pili unaisifu serikali. Wa tatu ndio ule wa nguzo, kama sherehe ni ya wanawake. Kama ni ya vijana, unafuta mama unaweka kijana, na nguzo inageuka kuwa mkuki. Ubeti wa nne ni wa kuomba: maji, au barabara, au zahanati. Usiombe vyote, mgeni atachanganyikiwa na hatatoa hata kimoja. Wa tano ni wa kushukuru kwa kitu ambacho bado hakijatolewa. Nilimuuliza, "Mzee, mbona nguzo? Nguzo si haitembei?" Akajibu bila kuinua macho, "Ndiyo uzuri wake."

Sherehe yangu ya kwanza ilikuwa Siku ya Wanawake. Mgeni rasmi alikuwa mwanaume, kwa sababu mgeni rasmi sharti awe mtu mzito. Meza kuu ilikuwa wanaume watupu chini ya turubai, na wanawake walisimama juani na vitenge vya sare, wakaghani kwamba jua kali kwao ni tunzo. Walipomaliza hawakukaa; waliingia nyuma ya turubai wakatoka na mabeseni ya maji ya kunawa na sinia za pilau. Mama mmoja mnene alipita karibu yangu na birika akanong'ona, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "nguzo ina njaa." Nilicheka kwa sauti mgeni rasmi akiwa katikati ya hotuba, na Mzee Makoye akanikanyaga mguu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyasikiliza mashairi yetu kwa sikio baya. Nimesikia mwanamke ni taa, ni ua, ni chungu, ni kisima, ni ng'ombe wa maziwa, ni mlango, na safari moja kule Geita nilisikia ni jenereta. Amekuwa kila kitu isipokuwa mtu. Na vitu hivyo vyote, mkivitazama vizuri, vina tabia moja: vinatumika na mwenyewe haulizwi. Kwa hiyo, Deus, shairi likikuambia mwanamke ni nguzo, uliza paa ni la nani.

Kazi ya pili aliyonifundisha Mzee Makoye ilikuwa kuamua mashindano ya ngoma, na hii ndiyo niliyoipenda. Ninyi wageni wa huku mnisikilize. Baada ya mavuno, vikundi viwili vinasimama ncha mbili za uwanja mmoja na kupiga ngoma wakati uleule. Kila kikundi kina ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na ningi kazi yake ni kumtukana ningi mwenzake kwa ushairi mtamu mpaka watu wahame. Hakuna majaji wa kunyoosha vibao. Watu wanatembea kutoka huku kwenda kule na kurudi, na jua likigusa miti filimbi inapigwa, kila mtu anasimama alipo. Penye watu wengi ndipo penye ushindi.

Sasa mtu wa kupiga filimbi ndiye afisa utamaduni. Mzee Makoye alinipandisha nyuma ya pikapu akaniambia, "Usitazame midomo. Mdomo unashangilia hata usipopenda. Tazama miguu." Alikuwa na filimbi ya bati iliyokuwa na alama za meno yake pande zote mbili. Alipostaafu alinipa filimbi ile, na mimi niliichemsha kwanza kabla ya kuitia mdomoni.

Nilipohamishiwa upande wa Bugarama nilimkuta Ningi Lufega. Huyu alikuwa hajashindwa muda mrefu hata watu wakasahau kama inawezekana. Mwanaume mrefu, sauti ya kuitia mvua, na alikuwa na chatu aliyemvaa shingoni kama skafu. Waliosema ana dawa ya kuvuta watu walikuwa wengi, na yeye hakukanusha, kwa sababu uvumi wa dawa nao ni dawa. Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa kumsifu mke mwema. Aliuimba kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili ungesomeka hivi:

Mke mwema namjua kwa moshi wake,
jua likizama, moshi unapanda.
Mke mbaya nyumba yake haina moshi,
mumewe anakula nyota.

Wimbo mzuri, sikatai. Wanaume waliusikiliza macho yamelegea. Hata wanawake waliuimba wakichota maji, kama mtu anavyoimba jina la anayemdai.

Aliyeshindana naye alikuwa mwanamke, Kabula, Mama Limi. Mume wake, Maduhu, alikuwa mpole asiye na maneno, na Kabula mwenyewe alikuwa akiponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Kule machimboni mwanamke anaruhusiwa kuponda mawe, kubeba maji, kupika na kukopesha. Haruhusiwi kushuka duarani, yaani kwenye shimo lenyewe, kwa sababu wanasema dhahabu ikimwona mwanamke inakimbia. Ni madini yenye aibu sana. Aibu inaisha ikishakuwa hereni.

Kabula alitunga nyundo ikiwa mkononi. Mapigo ya jiwe ndiyo yaliyokuwa ngoma yake, na wanawake wenzake walimwitikia. Siku ya kwanza kumsikia nilikuwa nimekwenda kuandikisha vikundi vya msimu, na nilisahau nilichofuata. Aliimba hivi:

Mama alinipa jiwe la kusagia,
bibi alimpa mama jiwe hilohilo.
Jiwe limeliwa katikati,
mgongo wangu nao unaanza kuliwa.
Nani alimpa bibi?
Aje alichukue.

Nilisimama pale na vumbi la mawe likinikaa kwenye nywele, nikamkumbuka mama yangu na mashuka yake. Nikamwandikisha.

Msimu ule Kabula alishindwa. Uliofuata akashindwa tena. Na hapo ndipo mkwe wake, Mzee Shija, babake Maduhu, alipochoka. Alikuja mbele ya kamati ya wazee wa ngoma, nami nikiwepo, akaegemea fimbo yake akasema, "Nilitoa ng'ombe kupata mke wa mwanangu. Sikutoa ng'ombe kupata redio. Akishindwa tena, ngoma yake naipandisha darini na haitashuka, naye atatulia nyumbani kwangu kama wakamwana wenzake."

Kabula alikuwa amepiga magoti kama inavyopasa mbele ya mkwe. Akauliza, "Sawa, baba. Na nikishinda?"

"Ukishinda utaimba mpaka ufe," akasema mzee, "na ngoma nitakubebea mimi mwenyewe."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugoro. Kabula hakucheka. Nilimwona usoni na nikajua kwamba kwa yule mwanamke kunyamazishwa kungekuwa msiba, ila wa kutoa rambirambi hakuna.

Mimi nilikuwa nimeamua mashindano yote mawili aliyoshindwa, na kuna kitu kilinikereketa. Alasiri, kutoka nyuma ya pikapu, upande wa Kabula ulikuwa umefurika. Jioni ulikuwa mweupe. Nikajiuliza watu wale wanamezwa na nini, au chatu wa Lufega ana kazi nyingine. Nikakumbuka mafunzo ya Mzee Makoye nikaanza kukumbuka miguu. Ilikuwa miguu ya wanawake. Jua likianza kulegea, mmoja anajifunga khanga upya, anampachika mtoto mgongoni, anaondoka, halafu mwingine, halafu wote. Walikuwa wanakwenda kuwasha moto. Jua likigusa miti, waliobaki uwanjani ni wanaume, na wanaume walikuwa kwa Lufega wakisikiliza habari za mke mwema. Yaani mtu yule alikuwa akishinda kila mwaka kwa wimbo wa kuwasifu wanawake waliokuwa wamekwenda kupika ili yeye ashinde. Nimesoma vitabu kadhaa vya ushairi katika maisha yangu na sijaona wimbo mwingine uliomlipa mwenyewe vizuri namna ile.

Nikaenda kwa kamati. Nikaomba filimbi ipigwe alasiri.

"Saa ya jua kugusa miti tuliikuta," akasema mwenyekiti.

"Aliiweka nani, mzee?"

"Wazee."

"Kwa sababu gani?"

"Ng'ombe wawe wamesharudi zizini, watu watulie."

"Kwa hiyo ng'ombe wanasubiriwa, wanawake hawasubiriwi?"

Mwenyekiti alinitazama kwa huruma. "Mama, ng'ombe hawapiki."

Niliondoka pale nimewaka. Nilimkuta Kabula machimboni, amezungushia mawe kipande cha mpira wa tairi yasimrukie machoni, anaponda. Nikamweleza yote, miguu, moto, kamati, ng'ombe. Nikamalizia, "Saa haitasogea, Mama Limi. Wamegoma."

Aliponda jiwe lililokuwa mbele yake likapasuka. Kisha akasema, "Basi jiko litasogea."

Mashindano yalipofika, wanawake walikuja na mafiga. Kila mmoja na mawe yake matatu, kuni kichwani, unga, na sufuria. Waliyapanga upande wa Kabula, na alasiri ilipolegea hakuna aliyejifunga khanga kuondoka. Waliinama hapohapo wakawasha. Kabula anaimba, wao wanasonga na kuitikia, mwiko unafuata ngoma. Halafu dagaa wa karanga wakaanza kunukia.

Lufega alikuwa na sauti, alikuwa na chatu, alikuwa na sifa za miaka. Lakini wanaume wa kwake walianza kugeuza pua, na pua ikishageuka mguu uko njiani. Walivuka mmoja mmoja, kwanza kwa aibu, wakijifanya wanamtafuta mtoto. Jua lilipogusa miti nikapiga filimbi, na upande wa Kabula watu walikuwa wamesimama na matonge mikononi. Mzee Shija mwenyewe alikuwa katikati yao, anapuliza vidole.

Wazee wa kamati walinijia kama nyuki. "Hawa wamefuata ugali, hawakufuata wimbo!"

"Na kwa Lufega kila mwaka wanafuata nini?" nikauliza. "Chatu anaimba sauti ya ngapi?"

"Chatu ni mila."

"Na ugali ni nini?"

Walijadiliana muda mrefu, huku wengine wakila, na mwishowe wakayafuta matokeo. Wakatunga na kanuni mpya: ni marufuku kuwasha moto uwanjani. Mababu hawakuwa wameiweka kanuni hiyo, lakini kumbe mababu wakihitajika haraka wanapatikana. Mzee Shija naye akasema hajaona mshindi wala mshindwa, ngoma ikae ukutani, msimu ujao ndio wa mwisho. Wengine walisema afisa utamaduni amempendelea mwanamke mwenzake. Nilimpendelea, ndiyo. Miaka yote saa ile ilipompendelea mwanaume hakuna aliyekuja kunilalamikia.

Msimu ujao ulikuwa huu uliopita, na ulikuwa wangu wa mwisho pia. Barua ya kustaafu ilikuwa njiani. Deus, ulikuwepo, ulishika maikrofoni ukamtangaza Lufega kama "simba asiyeshindika" nikakuvuta shati. Sasa nikueleze ulichokiona, maana nadhani ulikuwa unaangalia simu.

Wanawake walikuja mikono mitupu. Hakuna figa, hakuna ukuni. Wazee wa kamati walipita kukagua wakaridhika sana. Watoto walikuwa na michembe, vile viazi vilivyokaushwa, wanatafuna tangu mchana, na mama zao wanatafuna. Ngoma zikaanza. Kabula aliimba lile la jiwe la bibi, akaliongezea maneno kwa mkwe wake, kwa kamati, kwa dhahabu yenye aibu, na watu wakafurika kwake kama kawaida ya alasiri. Lufega hakujali. Alikuwa anaingoja saa yake. Mimi juu ya pikapu nilikuwa nimeikamata filimbi mpaka kiganja kinauma, maana nilijua kanuni, nilijua saa, na nilijua dari la Mzee Shija lina nafasi ya ngoma.

Jua likalegea. Nikatazama miguu. Hakuna mwanamke aliyejifunga khanga. Walisogeleana tu, bega kwa bega, wakaendelea kuitikia.

Wanaume nao, kwa mazoea, walikuwa wameshavuka kwenda kwa Lufega. Akaona wakati umewadia, akapandisha ule wimbo wake. Aliupenda sana mstari wa moshi. Kila mwaka akiufikia hugeuka na kunyoosha usinga wake kuelekea kijijini, ambako moshi unakuwa umejaa juu ya nyumba kama aliuagiza yeye. Akageuka. Akanyoosha usinga. Jua likizama, moshi unapanda...

Wote walitazama alikoelekeza. Kijiji kizima kilikuwa kimya, mapaa yamekaa chini ya anga safi, na hakuna moshi hata wa kuwashia sigara.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Lufega alisahau mstari unaofuata, na ulikuwa mstari wake mwenyewe. Mkono ulibaki juu. Mmoja akasema labda kuna msiba. Mwingine akasema labda mvua iliingia jikoni, na ilikuwa kiangazi. Kisha mwanaume mmoja, sitamtaja kwa sababu nina heshima na mke wake, akauliza kwa sauti ya mtoto, "Sasa leo tunakula wapi?" Na miguu ikaanza. Waliondoka kwanza wa pembeni, halafu wa katikati, wakaharakisha kwenda kila mtu kwake kuchungulia jikoni, kana kwamba ugali ungejipika kwa kumwonea huruma.

Kule upande wa pili Kabula aliwaona wakiondoka. Akashusha sauti, wanawake wakashusha, akaimba hili jipya:

Lufega, moshi unaoutafuta uko hapa,
umesimama, una masikio.
Leo hauendi nyumbani.
Leo unakusikiliza.

Jua likagusa miti. Nikapiga filimbi. Kwa Lufega walikuwepo wapiga ngoma wake, chatu, na walevi wachache waliolala tangu mchana. Kwa Kabula sikuona ardhi.

Mwenyekiti wa kamati alinifuata huku anahema. "Mama, si haki! Watu wameondoka!"

"Wamekwenda wapi, mzee?"

"Nyumbani! Kutazama chakula!"

"Kila mwaka wapo wanaokwenda nyumbani kutazama chakula," nikamwambia, "na hatujawahi kuwasubiri."

Moto haukuwashwa. Saa ilikuwa ya mababu. Nikatangaza matokeo mwenyewe, kwa sababu wewe, Deus, maikrofoni ilikuwa imekufia mkononi. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa mbaya, ya kutaka kuruka kutoka kwenye pikapu kwa umri wangu. Kabula alikaa chini katikati ya wenzake akafunika uso kwa khanga, na mabega yakatikisika muda mrefu. Alikuwa amebeba dari lile kichwani misimu yote, nasi tulikuwa tukimwona anacheza.

Mzee Shija hakuwa ameondoka. Alikaa na kamati mpaka mwisho, fimbo kati ya magoti. Alisimama, akatembea taratibu mpaka kwenye ngoma kubwa ya Kabula, akainama, akaitia begani. Ni mzee, na ile ngoma ni nzito. Maduhu alitaka kumpokea, akamfukuza kwa kiwiko. Wakaanza kupanda njia ya kijijini, yeye mbele, wanawake nyuma wanaimba. Wanaume waliokuwa wakirudi kutoka kuchungulia majiko walikutana nao njiani. Mmoja akauliza, "Baba Maduhu, unabeba nini?"

"Mdomo wangu," akasema mzee, na hakusimama.

Hiyo ndiyo kesi yangu kubwa, Deus. Sasa umebaki na kabati. Ubeti wa nguzo usiuchane, uache palepale, lakini kabla hujamghania mama yeyote, mtazame kama amekaa au amesimama, na kama amesimama mpe kiti.

Sufuria zangu sikuzitumia. Nina zangu za zamani na zinatosha. Juzi niliziweka kwenye boksi lake nikazipeleka kwa Ningi Lufega, kwa kuwa katika watu wote ninaowajua hakuna aliyelisifu jiko kwa miaka mingi kumshinda yeye. Nilimkuta uani peke yake, chatu amelala kwenye kapu. Tulisalimiana vizuri, mtu yule hana kinyongo, ana kiburi tu, na mimi pia. Akafungua boksi, akazitoa moja moja akazipanga chini, akagonga kubwa kwa kidole kusikia inalia vipi.

"Wabeja, Mayu," akashukuru. Kisha akatazama pande zote kama mtu anayetaka kuiba, akasogea, akashusha ile sauti yake ya kuitia mvua ikawa ya kunong'ona. "Hivi ugali, unaanza maji au unaanza unga?"

Nilimwambia aanze na kuni, kwa sababu jikoni kwake hapakuwa na hata kijiti, na mke wake ambaye huzileta alikuwa ametoka tangu asubuhi, yuko kwa Kabula, mazoezini.